Nimetoka kwenye maonyesho ya vijumba vya wanasesere London, ndani ya mfuko wa pauni 4 nimekuta MBUZI YA KUKUNIA NAZI. Imefikaje huko?

#1 Pwani_Majuu
Habari zenu wakuu. Mimi ni wa Mombasa ila miaka hii niko Uingereza nafanya kazi ya kulea wazee. Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88, sebuleni kwake kuna nyumba ya mwanasesere kubwa kama kabati la vyombo, na kila mwaka lazima aende Kensington Town Hall kwenye maonyesho ya vitu vya hivyo vijumba. Safari hii wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu nikawa mimi. Nilienda nimenuna, nikijua ni vidoli vya plastiki na kelele za watoto.

Wallahi nilikosea. Watoto wenyewe walikuwa wa kuhesabu. Ukumbi umejaa watu wazima wamevaa miwani ya kukuzia kwenye paji la uso kama mafundi saa, wameinamia meza utadhani wanatafuta chawa. Kuna mama anasuka vikapu kwa uzi, kikapu kizima kinakaa kwenye ukucha wa kidole gumba na kina mkono na kina mfuniko. Kuna mfinyanzi anafinyanga mitungi saizi ya mbaazi. Kiti kimoja, cha kukalia nani sijui, pauni 85, na mtu anatoa pesa bila kubishana. Bibi yangu kumbe alikuja na kile kisanduku chake cha dawa chenye vyumba saba vya siku za wiki, usiku amemwaga vidonge vyote kwenye kikombe, akaanza kupanga humo: Jumatatu vijiko, Jumanne mkate, Jumatano bomba la maji la shaba. (Habari ya vidonge tulikuja kuimaliza nyumbani, msiniulize.)

Sasa meza ya mwisho karibu na choo walikuwa wanauza vya mitumba. Mwenye meza akasema vimetoka nyumba ya marehemu, mkusanyaji wa siku nyingi. Mfuko umefungwa, mchanganyiko, pauni 4. Nikachukua ili na mimi nisirudi mikono mitupu. Usiku nikamwaga kwenye sahani nyeupe: vikombe viwili vimekatika mikono, mguu wa kiti, birika la rangi ya fedha, vitabu vitatu visivyofunguka, na kigoda cha kukunja cha mbao, mbao mbili zinapishana, mbele kimetoa ulimi wa chuma na kwenye ncha ya ulimi kuna meno. Nilikaa kitako. Hii ni mbuzi. Mbuzi ya nyanyangu kabisa, imelala kwenye kiganja. Imefikaje kwenye kijumba cha Mzungu?

#2 Kiherehere_Temeke
Mbuzi pauni 4? Nichukulie wawili, mmoja jike.
Halafu picha iko wapi? Uzi bila picha ni hadithi ya sungura na fisi.

#3 Pwani_Majuu
Picha inagoma kupanda, nimejaribu mara tano. Na simu yangu ikisogea karibu inaona ukungu tu, kitu chenyewe kidogo mno.

#4 MzeeWaRula
Dada, achana na picha, chukua rula. Mimi nilikuwa mchora ramani za majengo kabla ya kustaafu kwa hiyo hapa umenigusa. Vijumba hivi vingi vinafuata skeli ya 1:12, na sababu yake ni hesabu ya kizamani ya Waingereza: futi moja ina inchi kumi na mbili, basi kila futi ya kitu halisi inakuwa inchi moja kwenye kijumba. Mtu wa futi 6 anakuwa wa inchi 6. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 16 na ushee. Ipo na 1:24 na 1:48, na ipo 1:144, hiyo ni nyumba ya mwanasesere ya kumwekea mwanasesere achezee. Pima urefu wote, kimo cha kukalia, na huo ulimi. Kwa milimita, usiniletee "kama hivi".

#5 Pwani_Majuu
Shikamoo mzee. Nimepima kwa rula ya bibi: urefu pamoja na ulimi milimita 38. Kimo cha kukalia 18. Ulimi peke yake 9.

#6 MzeeWaRula
Marahaba. Zidisha kwa kumi na mbili. Urefu sentimita 45.6. Kukalia sentimita 21.6. Ulimi karibu sentimita 11. Sasa nimeamka nimekwenda jikoni kupima ya mke wangu (ameniuliza kama nina homa): urefu 47, kukalia 20, ulimi 12. Tukisema ni 1:24, hiyo mbuzi ingekuwa na urefu wa sentimita 91, ya kukunia nazi za majini labda. Kwa hiyo aliyeichonga alikuwa anajua skeli, na alikuwa na mbuzi ya kweli mbele yake au kichwani. Hicho si kitu cha kubahatisha.

#7 BinMatondoni
Hapo jibu mbona liko wazi. Siku za ukoloni walikuwako mabibi wa Kizungu Lamu, Mombasa, Unguja, waume zao maofisa. Wamekaa miaka, hawana kazi, wanakusanya vitu. Mmoja akamwita fundi akamwambia nichongee jiko la Kiswahili ndogo nimpelekee mtoto wangu Uingereza. Mafundi wetu kuchonga kidogo si shida, mimi nimekulia Matondoni, Lamu, kwa waunda majahazi, vibandia vya mashua tulikuwa tunachonga tukiwa na miaka saba minane, tanga la mfuko wa plastiki, na vinakwenda kweli majini, vinashindana. Huo mfuko ungekuwa na kinu na kifumbu cha kuchujia tui na mwiko pia, vimepotea njiani.

#8 Mswahili_Muscat
@BinMatondoni punguza kujimilikisha. Nazi haikuzaliwa Lamu. Hapa nilipo jirani yangu ni mtu wa Kerala, India, na jikoni kwake kuna kitu hichohicho, anakaa juu anakuna, wao wanaita chirava. Wasri Lanka wanacho chao. Waingereza walikaa India na Ceylon (ndiyo Sri Lanka) muda mrefu na wengi zaidi kuliko walivyokaa kwetu. Ukiniambia nibeti, nabeti Bara Hindi.

#9 Kiherehere_Temeke
Mimi nabeti mzimu wa marehemu. Kijumba, mbuzi, mfuko umefungwa, meza ya karibu na choo... dada hiyo kafara. Irudishe kabla hujaanza kukunwa wewe.

#10 Ticha_Bangkok
Mkenya hapa, nafundisha Kiingereza Thailand. Hapa pia wanacho, na mnajua wanakiitaje? Kratai. Maana yake SUNGURA. Sisi tukaona mbuzi wao wakaona sungura, kwa kweli kila mtu na macho yake. Vingine vinachongwa hasa umbo la sungura na yale meno ya chuma yanatokea mdomoni. Kwa hiyo @Pwani_Majuu angalia, kigoda chako kina masikio?

#11 Pwani_Majuu
Hakina masikio wala mkia. Mbao mbili tu zimepishana kama herufi X ukiisimamisha, ukiikunja inalala bapa.

#12 FundiTanga
Hapo kwenye kukunja ndo penyewe. Mleta uzi nisaidie kitu kimoja: pale mbao zinapopishana kuna kijiti au msumari umepita? Au zimechongwa kutoka ubao mmoja zikaachanishwa? Marufaa ya kuwekea msahafu inachongwa hivyo, ubao mmoja unapasuliwa katikati kwa msumeno mpaka nusu, halafu unatoboa toboa kwa patasi vile vidole vinapishana, hakuna gundi hakuna bawaba. Ukiharibu pigo moja umeharibu yote, unaanza upya. Mimi mbuzi ninazotengeneza napitisha kijiti, kazi ya haraka. Ila ya Kerala aliyoisema ndugu wa Muscat mimi niliyoiona kwa Wahindi wa hapa Tanga haikunji, ni gogo moja limekaa.

#13 Mswahili_Muscat
@FundiTanga ya jirani haikunji, kweli. Lakini jirani mmoja si Kerala nzima.

#14 Pwani_Majuu
@FundiTanga nimeweka taa, nimevaa miwani ya bibi. Hakuna kijiti. Hakuna msumari. Ni vidole viwili vya mbao vinaingia kimoja ndani ya chenzake. Nimejaribu kukunja mara moja tu, nikaogopa.

#15 FundiTanga
Kwa ukubwa wa milimita 38???
Huyo aliyefanya hiyo kazi nampa mkono. Mimi patasi yangu ndogo kuliko zote ina milimita 3, haiingii hapo. Atakuwa ametumia sindano ya kusaga ncha. Nimeacha kazi ya mtu hapa namfikiria huyo fundi.

#16 Mkulima_Devon
Nawasoma tu nacheka. Nipo huku mashambani, kila mlango wa nyuma una kibao cha kuvulia buti za matope, unakanyaga kwa mguu mmoja unachomeka kisigino unavuta. Kina miguu, kimeinuka mbele. Mtu akikuonyesha kwa udogo huo utasema chochote. Huenda dada ana hamu ya samaki wa kupaka ndo maana anaona mbuzi.

#17 Pwani_Majuu
Hamu ninayo, sikatai. Lakini kibao cha buti kina panda ya V ya kushika kisigino, nimekitumia hapa kwa bibi. Hiki kina ulimi na MENO. Nimehesabu meno ni saba. Ukivulia buti hicho utatoka na kisigino chako mkononi.

#18 Msomi_Kibla
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hivi hawa watu wazima kununua viti vya pauni 85 visivyokaliwa ni nini kama si utoto uliopitiliza? Hata ile nyumba ya mwanasesere ya malkia kule Windsor walimjengea binti yake achezee miaka ya hamsini, gharama zake si za mchezo, wakati huo sisi tunalipishwa kodi ya kichwa.

#19 Bi_Rukia_Leicester
@Msomi_Kibla kodi ya kichwa umesema kweli, mengine yote umekosea. Nimekwenda Windsor nimeiona kwa macho. Ile ni ya Malkia Mary mwenyewe, mke wa George wa tano, ilijengwa kati ya 1921 na 1924 na aliyeichora ni Lutyens, msanifu aliyechora na majengo ya serikali New Delhi. Ilipokamilika malkia alikuwa na miaka 57, hakuna binti hapo. Ilipelekwa kwanza Wembley kwenye maonyesho ya himaya ya 1924 watu wakaipanga foleni. Maji yanatoka bombani, choo kinavutwa, lifti inapanda, chupa za mvinyo zina mvinyo wa kweli ndani. Maktaba yake waandishi wakubwa wa wakati ule walitia vitabu, Conan Doyle aliandika hadithi fupi ya kijitabu saizi ya stampu. Skeli ileile ya Mzee wa Rula, 1:12.

#20 Msomi_Kibla
Nakubali nimekosea tarehe na binti. Sikubali kuhusu utoto. Miaka 57!

#21 Njeri_wa_Thika
Lakini jameni hii kitu si ya Wazungu peke yao. Nani hapa hakucheza kalongolongo? Tulikuwa tunapika ugali wa udongo kwa kifuniko cha soda, mboga ni majani ya ua la jirani, na mtu akikula kwa ukweli anatolewa kwa mchezo. Vijana wanaunda magari ya waya na magurudumu ya kandambili. Tofauti ni moja, sisi ikifika class seven unaambiwa wacha, ushakuwa mtu mkubwa. Hao hawakuambiwa wacha. Mimi kwa upande wangu lockdown ya 2020 nilianza kutengeneza samosa na chapati za udongo wa plastiki, ule wa kuoka, saizi ya shilingi, na sijaacha mpaka leo na nina watoto watatu. Chapati ukiipiga kwa mswaki mkavu inapata ule ukwaru wa chapati ya kweli kabla ya kuoka, siri ya bure hiyo.

#22 Kiherehere_Temeke
@Njeri_wa_Thika unaoka kwa jiko la kupikia chakula?

#23 Njeri_wa_Thika
Nilikuwa. Moto wake ni kama digrii 110 hadi 130 kulingana na pakiti, siku moja nikaweka nikaenda kupokea simu ya mama mkwe, na mama mkwe wangu haongei dakika mbili. Oveni ikapanda. Ile kitu ni plastiki ya PVC, ikichomeka moshi wake hautaki kuuvuta, tulilala madirisha wazi na mbu wakafanya harusi. Saa hii nina kioveni cha pekee cha hiyo kazi. Na samosa zote 24 zikawa makaa, zilikuwa na mpangilio mzuri aki.

#24 Mkulima_Devon
Utoto, utoto... Mimi nadhani ni nyumba. Mtu hapa London amepanga chumba maisha yake yote, hataweza kununua nyumba ya vyumba sita na ngazi ya mviringo. Ya 1:12 anaiweza. Kidogo kidogo, kiti kwa kiti.

#25 Bi_Rukia_Leicester
Na wale waliokuwa na nyumba kubwa za kweli je? Petronella Oortman wa Amsterdam alikuwa mke wa mfanyabiashara tajiri, alianza yake 1686, leo iko Rijksmuseum, jumba la makumbusho la hapohapo Amsterdam. Inasemwa ilimgharimu sawa na nyumba kamili ya pale kando ya mfereji. Vyombo vya kauri aliagiza China, vidogo hivyohivyo, vikasafiri kwa meli. Huyo hakukosa nyumba.

#26 Mkulima_Devon
Basi huyo alikosa kazi.

#27 Sonara_Mwanza
Mmerukia nyumba mmeacha mali. Mleta mada umetaja birika la rangi ya fedha. Lina muhuri wa kuthibitisha ni fedha halisi? Kama chini hakuna alama ni bati limepakwa tu, usijisumbue.

#28 Pwani_Majuu
Halina alama yoyote. Basi nimekata tamaa nalo.

#29 Jua_Kali_Birmingham
Usikate. @Sonara_Mwanza kwa Uingereza sivyo. Mimi nafanya kazi kwenye karakana ya vito hapa Birmingham. Sheria inataka muhuri kwa fedha kuanzia gramu 7.78. Chini ya hapo haulazimiki, na birika la 1:12 mara nyingi haifiki hapo. Kwa hiyo kukosa muhuri si ushahidi wa chochote. Jaribu sumaku: ikinasa basi si fedha. Isiponasa bado hujui, maana shaba na yenyewe hainasi.

#30 Pwani_Majuu
Mizani ya jikoni ilisoma 0. Nikaongeza vikombe vyote na mguu wa kiti ikasoma 0. Ile ndogo ya bibi ya kupimia hamira ikasema gramu 3. Sumaku ya friji haijanasa. Tuko palepale lakini nimefurahi.

#31 Maalim_Junguu
Assalam aleykum. Mie swali langu jengine. Bibi huyo ndani ya kijumba chake ana wanasesere, au nyumba tupu? Maana mke wangu alitaka kumnunulia bint yetu, nami nikasita kwa ajili ya masanamu. Ingawa najua hadithi ya bibi Aisha kuchezea wanasesere wake na wanazuoni wengi wameruhusu kwa watoto.

#32 Pwani_Majuu
Waaleykum salaam maalim. Hana hata mmoja. Nilimuuliza mbona hakuna watu, akasema watu wanaharibu, ukiweka mdoli unaona mdoli, usipoweka unahisi wenyewe wametoka sasa hivi watarudi. Kitanda chake kimoja shuka limevutwa upande kama mtu kaamka. Miwani mezani. Nusu ya tosti kwenye sahani, na tosti imeumwa. Na maonyesho yale niliona wengi wako hivyo, vyumba vitupu, viti vimesogezwa kidogo.

#33 Maalim_Junguu
Jibu zuri sana hilo. Nimemsomea mke wangu, amesema "nakuletea bili".

#34 Afande_Mstaafu
Wapo walioweka watu, na ni maiti. Marekani kulikuwa na mama anaitwa Frances Glessner Lee, tajiri, miaka ya 1940 akatengeneza vyumba vya 1:12 vya matukio ya vifo, damu ukutani, kalenda, viatu vimepangwa, kila kitu, polisi wapate kujifunza kusoma eneo la tukio bila kugusa kitu. Walimpa na cheo cha kapteni kwenye polisi ya New Hampshire, 1943. Vyumba 18 viko Baltimore kwenye ofisi ya uchunguzi wa vifo na vimeendelea kufundishia. Unapewa tochi na muda, unaanza kuangalia kutoka mlangoni kuzunguka. Kwa hiyo vitu vidogo si upuuzi @Msomi_Kibla. Na wewe mleta uzi fanya hivyohivyo: anza upande mmoja wa hiyo mbuzi uizungushe yote, pamoja na chini. Andika unachoona, usiandike unachokijua.

#35 MamaTatu_Dubai
Wangu alinunua seti ya vikombe vidogo hapa Dubai, nikapitisha mashine ya kufagia zulia nikasikia "tiki". Tulifungua mfuko wa vumbi juu ya gazeti mimi na yeye analia. Tumepata nywele, punje za mchele, pete niliyoipoteza mwaka juzi, kikombe hatujakiona hadi leo. Pete nilimficha asijue nimefurahi.

#36 Pwani_Majuu
Afande heshima yako. Nimeizungusha. Juu pa kukalia pameng'aa, katikati kuliko pembeni, kama pamesuguliwa. Chuma kina kutu kidogo kwenye shina la ulimi, kwenye meno hakuna. Chini ya ubao wa nyuma kuna KITUNDU, kama cha sindano ya kushonea, kimepita upande wa pili. Sikukiona mwanzo.

#37 Ticha_Bangkok
Kitundu cha mnyororo wa funguo! Hiyo ilikuwa kishika funguo ya watalii, mnyororo umekatwa. Kwisha habari.

#38 FundiTanga
Hakuna mtu anayepasua vidole vya marufaa kwa milimita 38 ili auze kishika funguo. Angekufa njaa. Hicho ni kitundu cha mdudu.

#39 MzeeWaRula
Mdudu hatoboi mbao nyembamba hivyo akatokea upande wa pili moja kwa moja amenyooka. Hapo aliyetoboa alikuwa na nia. Mbuzi nyingi za zamani zilitundikwa ukutani jikoni, ya kwetu ina kamba mpaka leo. Kipenyo milimita 1 mara kumi na mbili ni milimita 12, kamba ya katani inapita bila taabu.

#40 BinMatondoni
AHSANTE mzee. Kutundika. Fundi wa kwetu huyo. Na pale pa kung'aa amepasugua makusudi kuonyesha pamekaliwa, hilo analijua aliyemwona mama yake anakuna.

#41 Mswahili_Muscat
Kwani mama zao Wakerala hawakai?

#42 Jua_Kali_Birmingham
Mbona hamsemi lile la karibu zaidi. Labda marehemu mwenyewe alikuwa mtu wetu. Waswahili, Wahindi wa Afrika Mashariki wapo huku tangu miaka ya sitini na sabini, kule Leicester wamejaa. Mama amekuja na sufuria zake mbuzi ikabaki Kariakoo au Mombasa au Kampala, akajichongea ya kukumbukia. Mkusanyaji si lazima awe Mzungu.

#43 Bi_Rukia_Leicester
Hii imenigusa, sisi tulitoka Kampala 1972 na mbuzi tuliiacha. Mama alikuwa anasaga nazi kwa blenda na kila siku analalamika tui halina ladha. Lakini sijui mtu yeyote Leicester mwenye kijumba cha namna hiyo, na ningejua, tunajuana.

#44 Kiherehere_Temeke
Muulize aliyekuuzia basi si yuko hai?

#45 Pwani_Majuu
Sikuchukua namba wala jina lake. Nilikuwa nakimbizana na lifti, bibi alikuwa anataka choo.

Ila leo asubuhi nilimwonyesha bibi. Aliishika kwa koleo lake la nyusi, akaitazama kimya muda, mimi nikamweleza: unakaa hapa hivi, miguu huku, nusu ya nazi unaizungusha kwenye meno, machicha yanaangukia bakulini. Akaniambia nikae chini nimwonyeshe. Nikakaa sakafuni nikakuna hewa, mtu mzima mimi. Akauliza mbona inaitwa mbuzi, sikuwa na jibu, nikasema labda kwa kuwa imeinua shingo. Akavingirisha magurudumu ya kiti chake mpaka kwenye kijumba, akasogeza stovu yake ya Kiingereza upande akaiweka mbuzi hapo sakafuni. Halafu akasema, sasa nazi iko wapi?

#46 MzeeWaRula
Nazi iliyofuliwa kipenyo sentimita 12, gawa kwa kumi na mbili, sentimita 1 kamili. Tafuta njugumawe.

#47 Pwani_Majuu
Mzee njugumawe Uingereza niitoe wapi jamani? Nimekata hazeli kwa wembe, inakaribia, ila ndani ni ya manjano. Nimepaka chokaa ya ukutani.

#48 Njeri_wa_Thika
Ya udongo nakutengenezea mimi, nusu nne, ganda na nyama nyeupe. Nitumie anwani inbox.

#49 FundiTanga
Na kifumbu? Huwezi kukuna ukachuja kwa mkono. Shangazi anasuka ukili, nimemwambia asuke cha 1:12 amenitukana halafu akauliza urefu. Kifumbu cha kwetu kinafika kama sentimita 45.

#50 BinMatondoni
45? Hicho ni cha kuchuja pilau la harusi. Cha nyumbani ni 30, gawa mwenyewe.

#51 FundiTanga
Lamu mna nazi ndogo.